Ohio State wamemtoa Texas 28-14, bado Notre Dame tu. Wa mpira wa Kimarekani tukutane hapa

Mswahili_wa_Morse_Road

Wakuu habari za wikiendi.

Najua humu ndani mpira ni ule wa Kariakoo na ule wa Uingereza, ukitaja mpira wa Kimarekani mtu anaona tu watu wamevaa helmeti za bodaboda wanagongana bila sababu. Sasa mimi nakaa Columbus, Ohio, mwaka wa tisa huu, na jana usiku nimepiga kelele mpaka jirani kagonga ukuta. Nikikaa kimya nitaumwa. Mnivumilie ni ndefu.

Kwa wasiojua, Columbus hakuna timu ya NFL, ile ligi kuu ya kulipwa ya mpira huu. Timu ya mji ni timu ya chuo, Ohio State, wanaitwa Buckeyes. Buckeye ni mbegu ya mti wa huku, ukiishika mkononi ni komwe la kuchezea bao kabisa ila rangi ya chokoleti. Uwanja wao unaingiza watu 102,780 na unajaa, kwa timu ya wanafunzi. Piga hesabu uwanja wa Mkapa halafu ongeza watu elfu arobaini na kitu.

Ili uelewe jana kilichotokea lazima nikurudishe tarehe 30 mwezi wa 11, 2024. Siku hiyo walicheza na Michigan. Hii mechi chukua Simba na Yanga halafu ongeza ugomvi wa mpaka wa shamba, na sitanii kuhusu mpaka, haya majimbo mawili yaliwahi kugombania mji wa Toledo mwaka 1835. Wiki ya mechi pale chuoni wanabandika utepe mwekundu juu ya kila herufi M kwenye mabango. Herufi yenyewe inapigwa marufuku!

Basi Michigan walikuja wabovu, wameshapoteza mechi tano, Ohio State ni namba mbili nchi nzima na wako nyumbani. Wakafungwa 13-10. Mara ya nne mfululizo. Kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) Will Howard karusha mipira miwili mikononi mwa adui, mpigaji kakosa penalti mbili (siyo penalti lakini mnanielewa), filimbi ya mwisho ikalia Michigan wakataka kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja wa watu, ngumi zikatembea, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Kuna jamaa wa jezi 33 anaonekana kwenye video ananyang'anya ile bendera huku analia. Anaitwa Jack Sawyer. Mtoto wa Pickerington, kitongoji cha hapa hapa, dakika ishirini kutoka uwanjani. Shikeni hilo jina.

Wiki ile huku ilikuwa msiba. Kwa kinyozi, sheli, kazini, kila mtu anataka kocha Ryan Day afukuzwe. Mimi mwenyewe nilisema afukuzwe, sijifichi, nyuzi zangu zipo.

Miaka yote mambo yangeishia hapo. Mpaka mwaka jana zilikuwa zinachaguliwa timu nne tu kugombea ubingwa, ukipoteza mechi mbili na moja ni ya aibu namna ile unaenda kulala. Msimu huu wa 2024 ndio wameanza timu 12. Ohio State wakapita kama namba 8, kwa huruma ya mfumo kwa lugha nyingine. Halafu sijui walikula nini. Tennessee 42-17 hapa Columbus tarehe 21 Desemba kwenye baridi ya kupasua midomo. Siku ya mwaka mpya Oregon 41-21, Oregon hao hao waliowafunga 32-31 Oktoba na ambao mwaka mzima hakuna aliyewagusa, ilifika 34-0 hata mapumziko bado.

Sasa jana. Texas, ndani ya Texas, Arlington. Nusu fainali.

Jana haikuwa mteremko. Texas walimkaba yule dogo Jeremiah Smith, mwaka wa kwanza chuo, kwa macho yangu hakuna mdakaji kama yeye nchi hii, akaishia kudaka mpira mmoja wa yadi 3. Mmoja! Mkimbiaji wa Ohio State, Judkins, alifunga mapema, Texas wakasawazisha zimebaki sekunde 29 tuende mapumziko. Mchezo uliofuata tu, pasi fupi ya pembeni kwa TreVeyon Henderson, huyo yadi 75 bila kuguswa. Aliyeenda chooni baada ya goli la Texas alirudi akakuta 14-7 akadhani tivii imeharibika. Kipindi cha tatu Texas wakasawazisha tena, 14-14, hapo mimi nimeshaanza kumsema Ryan Day upya.

Robo ya mwisho Ohio State wakasogea yadi 88 taratibu. Katikati ya safari wakafika jaribio la nne, zinatakiwa yadi 2, Howard kaamua kukimbia mwenyewe, njia nyeupe, mbele hakuna hata inzi, akajikwaa miguu yake mwenyewe akaanguka. Yadi 18 lakini zikapatikana. Judkins akamalizia, 21-14, zimebaki dakika 7.

Texas wakaja. Wakasaidiwa na faulo za Ohio State wenyewe wakafika YADI MOJA. Yaani hatua moja ya mtu mzima ili isome 21-21. Jaribio la kwanza, wamegonga ukuta. La pili wakarusha mpira pembeni kwa mkimbiaji, kakamatwa amerudi nyuma yadi 7, hilo jaribio watu wa Austin, mji wa chuo cha Texas, watalizungumza mpaka wajukuu. La tatu pasi imekufa. La nne, kwotabeki wa Texas Quinn Ewers anatafuta wa kumpa, nyuma yake kuna mtu, mpira umeruka, na aliyeugonga ndiye kauokota na anakimbia nao. Jezi 33. Sawyer. Mtu wa kilo mia na kitu anakimbia yadi 83 kama anafukuzwa na nyuki, 28-14, zimebaki dakika mbili na sekunde.

Na nimalizie na hili. Huyo Ewers mwaka 2021 alikuwa Ohio State kabla hajahamia Texas, na alikuwa anakaa chumba kimoja na nani? Na Sawyer. Roommate wake ndiye kamchana.

Tarehe 20 Januari 2025 ni fainali Atlanta dhidi ya Notre Dame. Saa 1 na nusu usiku ya huku, kwa wa Dar na Nairobi ni saa 9 na nusu alfajiri ya Jumanne. Tunawachukuliaje hawa?

Fundi_Antena

Mkuu nimesoma mwanzo mwisho, umesimulia vizuri ila sijaelewa kitu. Yadi, jaribio la nne, pasi imekufa. Mbona wanasimama simama kila sekunde kumi kama daladala?

Mswahili_wa_Morse_Road

😂😂 Fundi iko hivi. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kila wakisimama ndio jaribio moja limeisha. Ukizipata hizo 10 unaanza kuhesabu upya, ukishindwa mpira anachukua mwenzako pale pale. Kwa hiyo jaribio la nne ni roho mkononi, wengi wanapiga mpira mbele uende mbali wajiokoe. Ukiingia na mpira mwisho wa uwanja ndio tachidauni, pointi 6 na nyongeza ya moja kwa kuupiga kati ya nguzo. Kwa hiyo mnapoona 28 msifikiri magoli 28, walifunga manne tu.

Winga_wa_Ngong

Sisi watu wa raga hiyo ya kusimama simama hutuboesha sana boss, lakini hiyo kuzuia mtu kwa mstari naielewa kabisa, hakuna kitu tamu kama kushikilia watu kwa yadi moja na mmechoka. Halafu msisahau sisi Kenya tulitoa mtu kwa hiyo game. Daniel Adongo alitoka raga akasainiwa na Indianapolis Colts 2013, na alikuwa hajawahi cheza hiyo kitu hata siku moja.

Mama_Parokia

Nilikuwa napita tu lakini nikaona jina la Notre Dame likitajwa kama wali wa kulia mchuzi wa mtu mwingine, nikasema hapana.

Mimi sijasoma hapo wala sikai Marekani, niko Kampala, ila sisi wengine tumelelewa na mapadre wa Msalaba Mtakatifu, shirika lenyewe ndilo lililoanzisha kile chuo, na Uganda wapo tangu 1958. Padre wetu alikuwa na kofia moja ya Notre Dame imepauka mpaka haina rangi na mechi hizi alikuwa anatusimulia kama sehemu ya katekisimu. Kwa hiyo mimi hii timu nimeirithi na mnaponiona hapa usiku wa saa tisa naangalia si kwa bahati mbaya.

Ndugu mwenye uzi umeeleza mateso ya Ohio State vizuri lakini na sisi tulizikwa, tena mapema. Tarehe 7 Septemba, mechi ya pili tu ya msimu, tumewaalika Northern Illinois nyumbani South Bend, tumewalipa kama dola milioni 1.4 waje tuwafunge. Wamekuja, wametufunga 16-14, wamechukua hela wameondoka. Umewahi kumlipa mtu aje akupige kwako? Magazeti yakasema msimu umekwisha na hatukuwa na cha kujibu.

Tangu siku ile, mechi 13, hatujafungwa. Indiana 27-17. Georgia 23-10 New Orleans, mechi iliyosogezwa siku moja kwa sababu ya shambulio lile la mwaka mpya pale Bourbon Street. Na alhamisi Miami, Penn State walikuwa wanaongoza 10-0, kwotabeki wetu Riley Leonard katolewa akapimwe kichwa, karudi, tumesawazisha 24-24 zimebaki dakika kama nne na nusu, Christian Gray kadaka pasi ya Penn State sekunde 33 za mwisho, Mitch Jeter kapiga kutoka yadi 41, sekunde 7 zimebaki. 27-24. Nimeamsha nyumba nzima.

Halafu kocha wetu Marcus Freeman, kijana wa miaka 39, mnamfahamu vizuri nyie wa Ohio kwa sababu ni mtoto wenu. Mlimzaa, mkamsomesha, akawachezea. Sasa anarudi na jezi nyingine.

Mswahili_wa_Morse_Road

Shikamoo mama, umenikalisha chini.

Ni kweli kabisa, Freeman ni wa Huber Heights, huko karibu na Dayton, na alicheza ulinzi Ohio State miaka ile ya kocha Tressel. Na kaweka historia tayari, hajawahi kutokea kocha mweusi kufika fainali hii, wala kocha mwenye asili ya Asia, na yeye ni vyote viwili maana mama yake ni Mkorea. Huku Columbus watu wanamheshimu, wanaomchukia ni wale wanaochukia kila kitu.

Ila mama, kwa heshima zote, naomba nikumbushe Septemba 2023. South Bend, nyumbani kwenu, mnaongoza 14-10, sekunde za mwisho, Ohio State wako mlangoni. Timu inatakiwa iwe na watu 11 uwanjani. Notre Dame walikuwa 10. Siyo mara moja, michezo miwili ya mwisho yote, watu 10! Trayanum wa Ohio State akapita pale pale palipokuwa na pengo, imebaki sekunde moja, 17-14. Na Freeman ndiye alikuwa kocha. Mwaka uliotangulia hapa Columbus 21-10. Kwa kweli Notre Dame hawajamfunga Ohio State tangu 1936, babu yangu hajazaliwa.

Mama_Parokia

Marahaba mwanangu. Watu 10 hao tumeshawaungama. Safari hii nitawahesabu mwenyewe kutoka Kampala.

Kibanda_cha_Mikeka

Naona hapa watu wanaongea historia tu, leteni namba. Nani anashinda niweke mkeka mapema, nasikia Ohio State amepewa kushinda kwa zaidi ya pointi 8, hiyo ni kama bure au?

Mswahili_wa_Morse_Road

Mkuu mimi mkeka wa mtu sichani. Ila nikwambie ninavyoiona na uamue mwenyewe.

Hii mechi itaishia kwa wale wanene wa mbele, wanaosukumana, ambao tivii haiwaonyeshi. Notre Dame wamepoteza Rylie Mills pale katikati ya ulinzi, aliumia goti mechi ya Indiana, na sasa kwenye mechi ya Penn State yule dogo anayelinda upande wa kushoto wa kwotabeki, Knapp, kaumia kifundo cha mguu. Upande huo ndio wanakuja kina Sawyer na Tuimoloau. Mmewaona jana. Mimi ningekuwa Leonard ningeanza kusali leo.

Kwa upande wa pili na Ohio State nao mstari wao wa mbele umeungwa ungwa kama bajaji ya mkopo. Simmons aliumia mechi ya kwanza ya Oregon, McLaughlin aliyekuwa katikati kaumia mshipa wa kisigino mwezi wa 11, Donovan Jackson kahamishwa nafasi ambayo siyo yake. Ajabu ni kwamba tangu Michigan wamezidi kukaa sawa, na nadhani ni kwa sababu Day na kocha wake wa mashambulizi Chip Kelly waliacha ubishi wa kupita katikati kwa nguvu kila mara kana kwamba wanamdai mtu. Mechi ya Michigan walikuwa na wadakaji bora nchini wakang'ang'ania kupita palipo na ukuta. Ile ilikuwa kiburi, siyo mbinu.

Kinachonitisha ni miguu ya Leonard. Hana pasi za kutisha lakini jaribio la tatu linahitaji yadi 4 unadhani umemshika, anatoka na mpira mwenyewe, anagonga mtu kichwa, yadi 5, mnaanza upya. Timu ya namna hiyo inaweza kukaa na mpira dakika nane na wewe Jeremiah Smith wako amekaa benchi anakunywa maji. Na yule Jeremiyah Love anaruka watu kama viunzi, mechi ya Indiana alikimbia yadi 98 peke yake, na mpaka sasa goti linamsumbua, je akipona?

Lakini Notre Dame watamkaba Smith kama Texas walivyomkaba? Texas walifanikiwa na bado walifungwa 28, Carnell Tate akadaka saba. Na beki bora wa pembeni wa Notre Dame, Morrison, yuko nje tangu Oktoba. Mimi naiona Ohio State kwa tofauti ya pointi 10 hivi. Ukichana usinitafute.

Dogo_wa_Makumbusho

Swali la kijinga, hao ni wanafunzi kweli? Mbona umesema huyu alikuwa huku kahamia kule. Wanalipwa?

Mswahili_wa_Morse_Road

Wala siyo la kijinga, huku ndio ugomvi wa kila siku. Tangu 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, matangazo na nini, na mkurugenzi wa michezo wa Ohio State alisema wazi kikosi hiki kimegharimu kama dola milioni 20. Howard kaja kutoka Kansas State, Judkins Ole Miss, Caleb Downs kule nyuma katoka Alabama, na Leonard wa Notre Dame naye katoka Duke. Usajili wa dirisha kubwa kabisa, na darasani wanaingia, au wanasema wanaingia.

Ndio maana walipofungwa na Michigan watu walicheka sana, milioni 20 kufungwa na timu mbovu. Na ndio maana jana mji umelia, kwa sababu pamoja na hela zote hizo aliyekuja kuokoa jahazi ni mtoto wa Pickerington ambaye hajanunuliwa popote. Miaka minne kapigwa na Michigan yote minne, angeweza kwenda kulipwa ligi ya wakubwa mwaka jana, akabaki.

Papa_Furaha_243

Kaka yangu miye pia niko hapa Columbus, natoka Bukavu. Mpira hii nilikuwa sielewi hata kidogo, watoto ndio wamenifundisha, sasa jana watoto wamelala na miye nimebaki naangalia peke yangu. Bibi yangu aliniuliza unalilia nini, nikamwambia kijana wa Pickerington amekimbia.

O-H!

Mswahili_wa_Morse_Road

I-O!! Papa Furaha tuonane basi, njoo siku ya fainali tuangalie pamoja.

Winga_wa_Ngong

Hiyo O-H ni nini tena?

Papa_Furaha_243

Mtu akikupigia O-H unamujibu I-O. Hata kwa supermarket. Hata kwa mazishi nimesikia.

Fundi_Antena

Mimi sasa niko na Notre Dame kwa sababu ya mama. Saa 9 na nusu alfajiri nipo macho hata hivyo, nina mtoto mchanga.

Mama_Parokia

Karibu mwanangu. Tangu 1988 hatujachukua kombe, uje na subira.

Mswahili_wa_Morse_Road

Sisi mara ya mwisho ni msimu wa 2014, na tulichukulia uwanja ule ule wa jana. Lakini sawa mama, kusubiri kwenu kunazidi kwetu.

Wakuu kitu kimoja cha mwisho nikajiandae na kazi. Jumatatu hiyo ya fainali huku ni sikukuu ya Martin Luther King na pia ndio siku Trump anaapishwa, nchi nzima itakuwa inaangalia tivii kutwa, ila ghalani kwetu sikukuu haipo na mimi nimepangwa zamu ya usiku. Leo asubuhi nimemfuata jamaa mmoja wa Burundi tubadilishane, nikamwambia nitamlipia Jumamosi mbili. Akakubali. Kisha akaniuliza ni kwa ajili ya nini, nikajisahau nikamwambia ni fainali ya Ohio State.

Kasema basi ziwe Jumamosi tatu.